Nthenya Arudisha Mbuzi

Nthenya aliwasikia mbuzi kabla hajafika mlangoni, na hapo hapo akajua kuna jambo limefanyika bila yeye. Mbuzi wa baba yake aliwajua kwa sauti, mmoja mmoja. Hawa walikuwa wageni.

Aliangusha begi uani, akazunguka nyuma ya jiko akiwa bado na viatu vyeupe vya kazi, akachungulia zizini. Walikuwa watatu, wanene, manyoya yanang'aa, mbuzi wa milimani wasiojua shida ya majani. Mmoja wao, mweusi mwenye masikio marefu, alimtazama kama mtu aliyekuta mgeni kwake.

Hakuhitaji kuelezwa. Ukambani, mbuzi hao watatu wana jina lao, ntheo, na wakishatoka kwa mvulana wakaingia katika zizi la baba wa msichana, msichana huyo ana mume. Kanisa litakuja baadaye na kwaya yake na keki yake, lakini mambo yenyewe huishia zizini. Ila kabla ya zizi kufunguliwa, msichana huitwa. Husimama mbele ya wazee wa pande zote mbili, akaulizwa kama mbuzi wapokelewe, naye akajibu. Ndiyo sehemu yake peke yake katika shughuli yote ile. Na sehemu hiyo ilikuwa imepita jana, Jumamosi, yeye akiwa mbali, Mutomo, ndani ya thieta ya hospitali ya misheni.

"Umefika," alisema mama yake, Muthoki, nyuma yake. "Njoo unywe uji."

"Mwaitu, nani aliulizwa?"

"Uji utapoa."

"Nani aliulizwa kama hawa mbuzi wapokelewe?"

Muthoki alipangusa mikono kwenye leso yake, polepole kuliko ilivyohitajika. "Baba yako alisema unakubali. Na si uongo. Wewe mwenyewe uliniambia hapa jikoni kwamba ukimkosa Mulei utakufa."

"Sikusema nitakufa."

"Ulisema kitu kama hicho."

Kweli alikuwa amesema kitu kama hicho. Na ukitaka ukweli wote, kama wangemwita mbele ya wazee angesema ndiyo mbio mbio hata kabla swali halijaisha, kwa maana alimpenda Mulei mpaka usingizi ulikuwa unamkimbia. Lakini baada ya ndiyo hiyo alikuwa na neno lingine la kusema, na hilo ndilo lililomuwasha moyoni njia nzima kutoka Mutomo mpaka hapa Matiliku.

Baba yake, Mwangangi, alitokea akifunga vifungo vya shati. Alikuwa mzee wa kanisa na hakupenda kuonekana na shati wazi hata na binti yake.

"Usianze kelele," alisema. "Watu wazima wametoka Kilungu kwa miguu, na jua hili. Wamefika, wewe hauko. Ningewaambia nini? Mbuzi wasimame hapo nje kama wa mnada?"

"Ungewaambia wangoje, asa," alimwambia baba yake.

"Wangoje mpaka lini? Ulijua siku."

Nthenya aliijua siku hiyo vizuri sana.

"Mimi nikawaambia, mtoto ako thieta lakini moyo wake uko hapa," Mwangangi aliendelea, na sauti yake ikalainika kidogo. "Walifurahi. Yule mama ya Mulei, Kalunde, akauliza thieta unafanya nini. Nikamwambia unalaza wagonjwa usingizi ndio daktari apasue. Tena daktari amekupatia nafasi ya kozi, mwaka mzima na zaidi, urudi ukiwa na cheti chako. Nilikuwa najivuna, Nthenya. Baba hawezi kujivuna?"

"Akasema nini?"

Mwangangi alimtazama mkewe. Muthoki ndiye aliyejibu. "Aliweka kikombe chini. Akasema, 'Mke wetu hataenda hiyo kozi.' Akachukua leso yake akatoka nje. Tayari mbuzi walikuwa ndani."

"Na Mulei?"

"Mulei alikuwa anaangalia viatu vyake."

Mama mkwe kukataa ni jambo la kila siku duniani. Lakini Mulei, mwenye maneno mengi kuliko redio, aliangalia viatu?

Uji ulipoa bila kunywewa.

*

Tangu utotoni Nthenya hakuwa mtu wa kutulia. Kanisani alikuwa akitikisa goti mpaka benchi zima linalalamika. Shuleni alikuwa wa kwanza kumaliza na wa kwanza kufukuzwa nje kwa kusumbua wengine. Alipoajiriwa Mutomo, mwaka wa sabini na nane, wodini alitembea mpaka wenzake wakambandika jina la pikipiki. Ni Mzee Jonah, nesi aliyekuwa akilaza wagonjwa pale kwa miaka mingi, aliyemvuta thieta siku moja akamwambia akae kwenye kile kistuli, kichwani mwa mgonjwa, ashike mpira wa kupumulia. Nthenya akakaa. Walipomaliza, Jonah akamwuliza kama ameona ni muda gani umepita, naye akashtuka, maana hakuwa ametikisa hata kidole cha mguu.

Huko kichwani mwa mgonjwa ndiko alikojua kutulia. Daktari anatazama tumbo, na wengine wote wanamtazama daktari. Mtu mmoja tu anamtazama huyo aliyelala, uso wake, rangi ya midomo, kifua kinachopanda na kushuka. Kwa miezi Jonah alimfunza, na Ijumaa ile ilipoletwa mama mmoja aliyebebwa kutoka mbali akivuja damu tumboni, Jonah alisimama nyuma, mikono mgongoni, akasema, "Leo kaa wewe."

Alikaa. Mama yule alipona. Ila alichelewa kuamka, na asubuhi ya Jumamosi gari la misheni lilipopiga honi kumchukua Nthenya aje nyumbani kwa mbuzi wake, Jonah alimwambia, "Nenda, mimi nitabaki naye." Nthenya akaenda mpaka mlangoni. Akarudi. Hakuweza kuondoka kabla mama yule hajafungua macho akasema jina lake mwenyewe. Gari likaenda bila yeye.

Kwa hiyo hangeweza kumlaumu baba yake peke yake, na hilo lilimkasirisha zaidi. Daktari alitaka jibu la kozi kabla ya Alhamisi, kwa sababu nafasi ilikuwa moja na wanaoitaka walikuwa wengi. Alijigeuza kitandani mpaka jogoo wakawika. Mke wa watu, anayekatazwa na mama mkwe kabla hata hajakanyaga uani kwake. Na yeye hakusema ndiyo. Hakuna aliyemsikia akisema ndiyo.

Kulipopambazuka alikuwa zizini na fimbo.

"Unafanya nini?" Mwangangi alikuja mbio, kiatu kimoja mguuni. "Nthenya! Ukitoa hao mbuzi nje umeniaibisha mbele ya watu wote."

"Ulinisemea, asa. Nataka kwenda kujisemea."

"Si uende bila mbuzi!"

"Nikienda bila mbuzi naenda nikiwa mke wao. Nitaambiwa tu mahali pa kuteka maji."

"Na kama watawachukua? Kama watasema basi, imeisha?" Baba yake alikuwa ameshusha sauti sasa, na Nthenya akaona kwamba haikuwa aibu tu iliyomsumbua. "Utampata wapi kijana kama yule?"

Jambo hilo hilo ndilo lililomweka Nthenya macho usiku kucha.

Muthoki alikuja kimya kimya, akaondoa mti wa mlango wa zizi, akamkabidhi binti yake chupa ya uji. "Huyo mweusi usimtangulize," alisema. "Ana kichwa ngumu. Mfunge kamba." Kisha akamshika mumewe mkono na kumrudisha ndani akatafute kiatu cha pili.

*

Njia ya kutoka Matiliku kwenda Kilungu inapanda, inashuka, halafu inapanda tena kama iliyosahau kitu. Asubuhi ile kila mtu aliyekutana naye alikuwa na swali. Unapeleka mnadani? Mbona mnada ni kesho? Baba yako ako wapi? Nthenya alijibu ndiyo kwa kila swali, hata yasiyojibiwa kwa ndiyo. Mbuzi mweusi alitaka kula kila mmea uliopandwa na binadamu. Mara mbili alimwingiza katika shamba la mtu, mara mbili Nthenya akaomba msamaha kwa watu asiowajua.

Alimwaza Mulei. Walijuana kwa sababu ya mbuzi, ukitaka kucheka. Mulei, kijana wa Kilungu mwenye mikono inayojua kuunganisha miche ya michungwa, aliitwa na misheni aje apande matunda uwanjani mwa hospitali. Akapanda. Mbuzi wa Mutomo wakala yote kwa wiki moja. Akarudi akapanda tena, wakala tena. Mara ya tatu Nthenya alimwuliza kwa nini hachoki, naye akamtazama machoni, moja kwa moja, akamwambia kwamba michungwa haijawahi kuwa sababu. Mtazamo huo alitembea nao hata leo, licha ya hasira zake zote.

Jua lilikuwa limeanza kuinama alipofika chini ya shamba lao. Mulei alikuwa amechuchumaa katikati ya miche, kisu kidogo mkononi, kipande cha plastiki kimebanwa na meno. Alisikia mbuzi, akainua macho. Aliwatambua kwanza mbuzi, kisha Nthenya, na plastiki ikaanguka.

Alikuwa amekonda tangu walipoonana mara ya mwisho. Shati lake la buluu lilikuwa limechanika begani, na Nthenya alitaka kumkimbilia, alitaka kumpiga na fimbo, alitaka kulishona lile shati. Alisimama tu.

"Umewarudisha," alisema Mulei.

"Nimewarudisha."

"Hunitaki."

"Usinisemee na wewe, Mulei. Nimechoka kusemewa."

Mulei alisimama, akapangusa mikono kwenye suruali. Hakusogea karibu. "Jumamosi nilivaa tai," alisema. "Nilikuwa nimeazima. Nikakaa naangalia hiyo barabara mpaka shingo ikauma. Baba yako akasema uko kazini. Nikajiambia sawa, kazi ni kazi, gari limekosa."

"Gari halikukosa. Lilikuja, nikaliachilia."

Nthenya aliona maneno hayo yakimwingia. Hakuyarudisha. "Kulikuwa na mgonjwa hajaamka. Mzee Jonah aliniambia niende, na mimi nikakataa. Siwezi kukudanganya."

"Kwa hivyo ulichagua."

"Nilichagua nimngoje aamke. Sikujua nikimngoja nitaolewa huko nyuma."

"Na hiyo kozi ulikuwa utaniambia lini?"

"Siku hiyo hiyo. Kabla ya wazee. Nilikuwa nimepanga maneno yote."

"Nikaisikia kwa baba yako, mama yangu akiwa hapo karibu, ameshika chai. Unajua ilikuwa namna gani?"

"Na wewe ukaangalia viatu!" Sauti yake ilipanda mpaka mbuzi wakaacha kula. "Mama yako ananikataza maisha yangu na wewe unahesabu kamba za viatu. Huyo ndiye bwana nitaolewa naye? Si ungesema hata neno moja. Hata ungesema, mama, tumngoje mwenyewe."

Mulei aligeuka akaupa mgongo ulimwengu mzima. Alipozungumza, Nthenya alilazimika kusogea ili amsikie.

"Baba alikufa hivyo."

"Ulisema alikufa hospitalini."

"Sikukwambia namna. Alienda na henia tu, Nthenya. Alitembea na miguu yake. Walisema watamlaza kidogo, wafanye, ataamka. Hakuamka." Alivuta pumzi. "Nilikuwa mdogo. Mama hajawahi kuongea juu yake. Kwetu hata mtu akisinzia kwa kiti anaamshwa. Sasa baba yako anasema, binti yangu kazi yake ni kulaza watu. Nikamwangalia mama. Nikaona nikifungua mdomo nitalia mbele ya wazee na tai ya kuazima."

Hasira za Nthenya ziliondoka zote mara moja, na mahali pake hapakubaki kitu cha kushikilia. Angekuwa mtu mwingine angelia. Yeye alizunguka. Alienda mpaka mche wa mwisho akarudi, akaenda tena akarudi.

"Wewe ungekuwa wapi," Mulei aliuliza, "kama mimi ndiye nimelala pale? Ungefanya nini? Mimi naona tu mtu na kitambaa na dawa."

"Kaa chini," alisema Nthenya.

"Wapi?"

"Hapo. Lala kabisa. Funga macho."

Alimtazama kama asiyeelewa, lakini alifanya. Alijilaza kwenye majani makavu katikati ya miche yake. Nthenya akaketi nyuma ya kichwa chake, akanyoosha miguu huku na huku. Akaweka vidole chini ya taya zake, pande zote mbili, akaziinua kidogo mbele. Kiganja kimoja akakisogeza karibu na pua na mdomo.

"Hivi ndivyo tunakaa," alisema. "Ukilala ulimi unarudi nyuma, unaweza kuziba hewa. Ndio maana nashika hapa. Naisikia pumzi yako kwa mkono. Ikichelewa, najua. Ikiwa fupi, najua. Midomo yako naiona kutoka hapa. Hakuna kitu kingine naangalia. Nyumba ikiungua, mimi naangalia hiki kifua."

Pumzi ya Mulei ilikuwa ya moto kiganjani mwake, mwanzoni ya haraka, kisha taratibu. Ndevu zake za siku mbili zilimkwaruza vidole. Hakuwa amewahi kumgusa hivi. Walikuwa watu wa kanisa, walishikana mikono tu wakisalimiana, tena wakakawia kuachana. Sasa uso wote wa Mulei ulikuwa mikononi mwa Nthenya, na goti lake lile la kutikisika lilikuwa limetulia tuli. Alimpenda sana wakati huo, kwa namna iliyomtisha.

"Mpaka lini?" Mulei aliuliza, macho yamefungwa.

"Mpaka uamke uniambie jina lako. Ndio maana nilichelewa."

Chozi likamtoka Mulei pembeni mwa jicho, likashuka kuelekea sikioni, na Nthenya hakuweza kulipangusa kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi.

"Kulikuwa na mtu amemshika baba hivi?"

"Sijui, Mulei."

"Unafikiria alikuwako?"

"Sijui. Nikisema ninajua nitakuwa nakudanganya. Sehemu nyingine mtu wa kukaa hapa hayuko. Ndio maana nataka kwenda."

"Na mimi nitafanya nini huo mwaka mzima?"

"Utapanda michungwa."

Alicheka, na kicheko kikamtikisa taya mikononi mwa Nthenya, na hapo ndipo sauti ya mwanamke iliposema juu yao:

"Mmefikia hapa."

Kalunde alikuwa amesimama juu ya matuta, mwembamba, mrefu, leso mbili kiunoni, jembe begani. Mulei aliruka akasimama, majani yamemjaa nywele. Nthenya naye alisimama, na uso ukamwaka. Kukutwa umeketi chini umemshika kijana wa watu kichwa, mbele ya mama yake, si namna ya kuanza.

"Mwaitu," alisema, akainamisha kichwa.

Kalunde aliwatazama mbuzi, akawahesabu kwa macho. "Sijawahi kuona msichana ameleta mbuzi mwenyewe."

"Na mimi sijawahi kuona msichana ameolewa hayuko." Alijisikia akisema, akatamani kulimeza neno hilo. Akashusha sauti. "Sikuja kukutukana, mwaitu. Mtoto wako nampenda. Lakini nitaenda hiyo kozi. Nilitaka uisikie kwangu, si kwa baba. Kama kwa sababu hiyo hamnitaki, mbuzi wenu ni hawa, wote, hakuna amechinjwa."

"Mama," Mulei alianza.

"Wewe nyamaza. Jumamosi ulinyamaza vizuri." Kalunde alishusha jembe. "Wewe msichana. Unaweza kuniambia hakuna mtu atakufia mkononi?"

Nthenya alijua jibu ambalo lingemfurahisha kila mtu. "Siwezi," alisema. "Naweza kukwambia sitaondoka hapo alipo."

Kisha Kalunde akasema, "Mulei, peleka mbuzi zizini."

Basi. Maneno hayo ndiyo yanayofungua uchumba, na ndiyo yanayoufunga. Nthenya alimtazama Mulei, akingoja aangalie viatu, na Mulei alichukua kamba ya mbuzi mweusi bila kuinua kichwa, akawafukuza wote watatu kupanda kwenda nyumbani. Nthenya alisikia mlango wa zizi ukifungwa.

Akarudi akitembea haraka. Akasimama kati ya mama yake na Nthenya.

"Mama, umewapata wote?"

"Nimewapata."

"Kwa hivyo huyu si mke wa mtu."

"Si mke wa mtu."

"Sawa." Alimgeukia Nthenya, majani bado kichwani, na macho yake yalikuwa yale yale ya mara ya tatu ya michungwa. "Nenda usome. Ukimaliza nitaleta mbuzi tena kwenu, na sitaingia mpaka nikuone kwa macho. Nitakuuliza mimi mwenyewe."

"Na nikisema hapana?"

"Nitakuwa nimeuliza."

Nthenya alifunika mdomo kwa mkono. Alitaka kusema ndiyo hapo hapo, mara kumi, lakini Kalunde alikuwa angali amesimama akimtazama, na uso wake haukuwa umefunguka hata kidogo.

"Jua litakuchwea njiani," Kalunde alisema. "Mulei, msindikize."

Walikuwa wameshapita miche ya mwisho mama huyo alipoita. "Wewe." Hakusema jina. Nthenya akarudi peke yake, Mulei akabaki njiani.

Kalunde alikuwa ameketi juu ya mpini wa jembe, mikono magotini, akitazama bonde.

"Ndolo, baba ya Mulei, hakufa huko ndani ya thieta," alisema. "Watu wanafikiria alifia ndani. Walimtoa akipumua. Akalala hivyo mpaka jioni. Wakanipatia kiti. Nilimwita. Nilimwita jina lake, nikamwita jina la mtoto, nikamwita vile nilikuwa namwita tukiwa wawili. Hakuniitika. Asubuhi hiyo tulikuwa tumegombana, juu ya kitu cha bure, siku hizi hata sikikumbuki. Sasa nakuuliza wewe, maana hii ndiyo kazi yako. Alikuwa anasikia?"

Nthenya alipiga magoti kwenye udongo mbele yake, bila kujali viatu vyake vyeupe.

"Hakusikia, mwaitu. Mtu akilala usingizi ule hasikii, hata ukipiga kelele sikioni. Hakukunyamazia. Angesikia angeitika."

Kalunde aliendelea kutazama bonde. Midomo yake ilicheza, akaikaza, ikacheza tena, na mara mabega yakaanza kumtikisika bila sauti yoyote. Nthenya hakujua kama ana ruhusa ya kumgusa mama huyu. Alimgusa. Alimshika mikono yote miwili, ikiwa na udongo wa shamba, akakaa hapo bila kusema kitu na bila kutikisika, mpaka pumzi ya mama huyo ikarudi mahali pake.

"Ile kozi," Kalunde alisema mwishowe, akijipangusa kwa leso. "Watakufunza kilichomfanya asiamke?"

"Watanifunza."

"Basi nenda ujue. Ukijua, uje uniambie. Hata kama ni kitu kibaya, uje uniambie."

"Nitakuja, mwaitu," alisema Nthenya.